Umehitimu uuguzi Marekani na una mwaka mmoja wa OPT: jinsi ya kupata kazi kabla siku 90 hazijaisha

Kinachowakwamisha wauguzi wetu wengi wanaohitimu Marekani ni tarehe. Uhamiaji una tarehe zake, bodi ya uuguzi ya jimbo ina zake, na ofisi hizo mbili hazina habari ya kuulizana. Kadi ya kazi inatoka Mei, leseni inatoka Septemba, na hapo katikati siku ambazo mhitimu anaruhusiwa kukaa bila kazi zinaliwa moja moja. Hospitali inamtaka, lakini haiwezi kumkabidhi wodi mtu asiye na leseni.

Mwongozo huu ni wenu mlio huko na viza ya mwanafunzi, F-1, mkikaribia kuhitimu. Ni wa ndugu zenu pia walioko Kampala, Arua au Kasese, maana hao ndio mnaowapigia simu usiku muwatume wakafuatilie makaratasi.

Kwanza tuelewane kuhusu OPT yenyewe. Ni ruhusa ya kufanya kazi inayohusiana moja kwa moja na ulichosomea, na hudumu miezi 12 kwa kila ngazi ya elimu. Ukimaliza programu ya miaka miwili ya chuo cha jamii, ile ya ADN, unapata miezi 12. Ukiendelea hadi BSN, shahada ya kwanza ya uuguzi, unapata mingine 12, na ukifika shahada ya uzamili vivyo hivyo. Wale wanaosimuliana Kampala kwamba "OPT ni miaka mitatu" wamesikia habari za wanafunzi wa kompyuta na uhandisi, ambao huongezewa miezi 24. Uuguzi haumo kwenye orodha hiyo, kwa hiyo panga maisha yako kwa mwaka mmoja.

Hatua ya 1: Majina na namba ya SSN, mwaka mmoja kabla ya kuhitimu

Sisi Waganda tuna shida ya majina ambayo Wamarekani hawaielewi. Pasipoti inasema Nakato Grace, cheti cha UNEB kinasema Grace Nakato, chuo kimeandika jina la tatu ulilopewa ubatizoni, na baba yako ana jina lisilofanana na lako hata kidogo. Nyumbani hakuna anayeshangaa. Kwenye chumba cha mtihani wa leseni, unaoendeshwa na kampuni ya Pearson VUE, jina la kwanza na la mwisho kwenye kitambulisho lazima yalingane na ulivyojisajili, na yasipolingana unarudishwa mlangoni na ada imeondoka. Chagua mpangilio mmoja, ule wa pasipoti, kisha uombe chuo kirekebishe rekodi zake mapema. Kama vyeti vya Uganda vinatofautiana na pasipoti, ndugu yako aende kwa wakili atengenezewe hati ya kiapo inayosema majina yote ni ya mtu mmoja, na nakala halisi ikufikie kabla hujaihitaji.

Angalia pia tarehe ya mwisho ya pasipoti. Kama itaisha ndani ya mwaka wa OPT, anza kuihuisha sasa, wakati huna presha.

Halafu SSN, namba ya hifadhi ya jamii. Bodi nyingi za majimbo huiomba kabla ya kutoa leseni, na mwanafunzi wa F-1 hapewi namba hiyo mpaka awe na kazi halali. Waliofanya kazi ndani ya chuo, maktaba au jikoni, kwa yale masaa 20 kwa wiki yanayoruhusiwa wakati wa muhula, walishaipata zamani. Kama wewe hukuwahi, tafuta hata kazi ndogo ya chuoni katika mwaka wa mwisho. Kwa maoni yangu hiyo SSN ina faida kubwa kuliko mshahara wenyewe. Usipopata, fomu ya OPT ina sehemu ya kuomba SSN pamoja na kadi, lakini hapo leseni itasubiri kadi na kadi itakuwa inahesabu siku.

Hatua ya 2: Chagua jimbo ukiwa bado darasani

Leseni ya uuguzi hutolewa na jimbo. Ingia kwenye ukurasa wa bodi ya jimbo unalotaka na utafute mambo matatu.

La kwanza, je, wanakubali maombi bila SSN? California, kwa mfano, inapokea namba ya kodi ya ITIN badala yake. Majimbo mengine hayakubali.

La pili, je, wanatoa kibali cha muda kwa mhitimu anayesubiri mtihani? Texas na Pennsylvania ni miongoni mwa yanayotoa. Kwa kibali hicho unafanya kazi chini ya usimamizi wa muuguzi mwenye leseni, na kwa mtu wa OPT hiyo ni nafuu kubwa kwa sababu siku za bila kazi zinasimama. Ila ukifeli mtihani kibali hufa hapo hapo, kwa hiyo usikichukulie kama likizo ya kusoma.

La tatu, leseni ya pamoja ya majimbo, ambayo majimbo zaidi ya 40 yamejiunga nayo. Ukiwa nayo unaweza kufanya kazi Tennessee leo na Arizona mwakani bila kuomba upya, mradi hujahamisha makazi yako rasmi. Hii haitolewi bila SSN, hakuna mjadala, na lazima jimbo hilo liwe ndilo makazi yako rasmi.

Sasa niseme na wale waliosomea uuguzi Uganda kwanza, wakapata diploma kwa mtihani wa UNMEB, bodi ya mitihani ya wauguzi na wakunga, wakasajiliwa na Baraza la Wauguzi na Wakunga, UNMC, kisha wakaenda Marekani kuongeza BSN. Wengi mnaamini kwamba kwa kuwa shahada ni ya Marekani, mtahesabiwa kama waliosoma Marekani. Sivyo. Bodi inaangalia mahali ulipopata elimu yako ya msingi ya uuguzi, na hiyo ni Uganda. Utatakiwa kupeleka tathmini ya elimu, mara nyingi kupitia CGFNS (siku hizi inaitwa TruMerit), shirika la Marekani linalokagua vyeti vya wauguzi wa kigeni, na tathmini hiyo inadai vitu viwili kutoka nyumbani: matokeo ya masomo yako kutoka chuo chako cha uuguzi, na uthibitisho wa usajili kutoka UNMC.

Hapa ndipo miezi inapotea. Karatasi hizo lazima zitoke kwenye ofisi husika moja kwa moja kwenda kwa mtathmini. Mama hawezi kuzichukua akazituma kwa DHL hata kama bahasha ni nzuri namna gani. Zikionekana zimepita mkononi mwa familia zinakataliwa. Kazi ya ndugu yako ni kufika ofisini, kulipa ada, kuhakikisha fomu imejazwa na mtu mwenye mamlaka ya kusaini, kuona muhuri umepigwa, na kuuliza imetumwa lini na kwa namba gani ya ufuatiliaji. Kama leseni yako ya UNMC imeisha muda, ihuishe kwanza. Na usijidanganye kwamba utafuatilia kwa simu: saa mbili asubuhi ofisi zinapofunguliwa Kampala, New York ni saa saba usiku wakati wa kiangazi. Mpe ndugu barua ya kumruhusu akuwakilishe, nakala ya pasipoti yako, na nauli ya boda. Anza mwaka mzima kabla ya kuhitimu.

Hatua ya 3: Tarehe ya kuanza OPT

Ukisoma sehemu moja tu, iwe hii.

Unaweza kuomba OPT kuanzia siku 90 kabla ya tarehe ya kumaliza programu mpaka siku 60 baada yake. Tarehe ya kuanza unaichagua mwenyewe, mradi iangukie ndani ya zile siku 60 baada ya kumaliza. Tangu siku hiyo unaruhusiwa jumla ya siku 90 bila kazi. Jumamosi na Jumapili zinahesabiwa, na siku za mwanzo zinajumlishwa na za baadaye ukipoteza kazi.

Tuseme programu yako inaisha Mei 15. Dirisha la kuomba linafunguka Februari 14 na kufungwa Julai 14. Wenye pupa huchagua Mei 16. Siku ya 90 ya bila kazi kwao ni Agosti 13. Aliyechagua Julai 10 anafika siku ya 90 Oktoba 7. Wote wawili wana miezi 12 ileile, ila wa pili ana karibu miezi miwili zaidi ya kufanya mtihani, kupokea leseni na kusaini mkataba. Kwa muuguzi ambaye hana kibali cha muda wala barua ya kazi mkononi, naona hakuna sababu ya kuanza mapema. Mwenye kazi inayomsubiri Juni, huyo aanze Juni.

Kuchelewa kuomba ukitegemea kwamba kadi itachelewa si mpango. Omba mapema, chagua tarehe ya mbali.

Hatua ya 4: Maombi yenyewe

Nenda kwa DSO, mshauri wa wanafunzi wa kigeni chuoni kwako. Yeye huweka pendekezo lake kwenye SEVIS, mfumo wa serikali wa rekodi za wanafunzi wa kigeni, na kukupa I-20 mpya, ile hati ya chuo inayothibitisha hadhi yako ya mwanafunzi. Usipeleke fomu I-765, ile ya kuomba kadi ya kazi, kabla ya kupata I-20 hiyo, na una siku 30 za kuwasilisha tangu DSO aweke pendekezo lake. Lazima uwe ndani ya Marekani unapowasilisha. Kwa njia ya mtandao ada ni dola 470. Kundi la kuchagua ni (c)(3)(B). Ukikosea herufi hapo umeomba kitu kingine. Ipo huduma ya haraka ya siku 30 za kazi kwa ada ya ziada ambayo ni nzito. Ifikirie tu kama kuna mwajiri anayekusubiri.

Anuani iandike kwa akili. Wahitimu wanaandika ya hosteli, Mei wanafukuzwa hosteli, Juni kadi inafika kwenye mlango wa mtu mwingine au inarudi ilikotoka. Tumia anuani ya mtu atakayekuwepo miezi yote hiyo, hata kama ni shangazi wa jimbo jingine, na kwenye fomu uweke jina lake kama mpokeaji.

Kadi ikifika, isome. Jina, tarehe ya kuzaliwa, herufi C03B, tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Hufanyi kazi hata saa moja kabla ya tarehe iliyoandikwa pale, hata kama ni mafunzo ya utambulisho ambayo hospitali inalipa.

Hatua ya 5: NCLEX-RN, mtihani wa leseni

Unajisajili mara mbili: kwa bodi ya jimbo, na kwa Pearson VUE kwa dola 200. Chuo kinaipelekea bodi taarifa kwamba umehitimu, bodi inakuidhinisha, ndipo unapata barua pepe ya ruhusa ya kukaa mtihani. Kinachochelewesha ni alama za vidole na taarifa ya chuo. Vidole piga mapema. Chuo kisumbue kwa heshima kila wiki.

Mtihani una maswali kati ya 85 na 150, kompyuta ikiyabadilisha kulingana na majibu yako, na muda ni saa tano. Ukifeli, unasubiri siku 45 kabla ya kurudia. Hizo siku 45 ni nusu ya siku zako 90, na kwa sababu hiyo siwashauri watu waende kujaribu tu. Majimbo mengi yanaruhusu kununua matokeo yasiyo rasmi baada ya saa 48 kwa dola chache.

Hatua ya 6: Kutafuta kazi

Anza miezi minne au mitano kabla ya kuhitimu. Programu kubwa za hospitali za kuwapokea wahitimu wapya huajiri kwa makundi, na kundi la Agosti huenda linajazwa Februari. Tatizo lake ni kwamba nyingi zinataka ahadi ya miaka miwili, na wewe una mwaka. Omba, lakini usiweke mayai yote huko. Hospitali za mashambani, nyumba za wazee, vituo vya kusafisha damu na wodi za usiku ndiko mtu wa OPT anakosikilizwa haraka. Hospitali za serikali kuu za wanajeshi wastaafu hutanguliza raia, usipoteze muda.

Kwenye fomu ya maombi utakutana na maswali mawili. La kwanza linauliza kama una ruhusa ya kufanya kazi Marekani: ndiyo. La pili linauliza kama utahitaji udhamini wa mwajiri sasa au baadaye: kama unataka kubaki baada ya OPT, jibu ni ndiyo pia. Kudanganya kuwa wewe ni raia ni kosa linaloweza kukufungia mlango wa nchi hiyo maisha.

Maofisa wa ajira wengi wakisikia "mwanafunzi wa kigeni" husema hatudhamini, basi. Wengi wao hawaijui OPT. Waeleze kwa upole hivi: "Kwa mwaka huu hamjazi fomu yoyote uhamiaji wala hamlipi ada yoyote. Kadi yangu peke yake inatosha kwenye fomu I-9 ya kuthibitisha ruhusa ya kazi. Suala la baadaye tunaweza kulizungumza mkishaona kazi yangu." Sentensi tatu, zifanyie mazoezi. Ukiona msaili anakunja uso, omba kuongea na msimamizi wa wodi. Yeye ndiye anayehesabu vitanda visivyo na muuguzi.

Leseni ikichelewa, kazi ya msaidizi wa wagonjwa inaweza kusimamisha zile siku ikiwa inafika masaa 20 kwa wiki na inahusiana na fani yako. Majimbo yana masharti yake kwa wasaidizi pia. Mwandikie DSO kwanza, pata jibu lake kwa maandishi, uweke barua ya mwajiri inayoeleza majukumu.

Kuna mawakala, wengine wana ofisi nzuri hapa Kampala, wanaouza "barua ya kazi ya OPT" ili siku zako zisihesabiwe. Kampuni haina hata mgonjwa mmoja. Ukinunua, umejitengenezea ushahidi wa udanganyifu wenye sahihi yako.

Mkataba ukija, kabla ya kufurahia mshahara tafuta ukurasa wa faini ya kuondoka mapema. Kama mkataba ni wa miaka miwili na kadi yako ni ya mwaka, dai kiandikwe kipengele kinachosema kwamba ruhusa ya kazi ikiisha bila kosa lako hulipi chochote. Wakikataa kuandika, usisaini kwa kuwa wamekuambia kwa mdomo "tutaelewana".

Hatua ya 7: Ukishaanza

Sajili mwajiri kwenye tovuti ya SEVP, ofisi ya uhamiaji inayosimamia wanafunzi wa kigeni, ndani ya siku 10. Ukihama nyumba, ukibadilisha kazi, ukiacha, siku 10 zilezile. Watu wameonekana hawana kazi kwenye mfumo huku wanafanya zamu tatu kwa wiki, kwa sababu tu hawakujaza.

Angalia hati ya mshahara wa kwanza. Mwanafunzi wa F-1 ambaye hajazidi miaka mitano ya kalenda Marekani kwa kawaida hakatwi kodi ya hifadhi ya jamii ya asilimia 6.2 wala ya Medicare, bima ya afya ya wazee, ya asilimia 1.45. Ofisi za mishahara hukata kwa mazoea. Waandikie warudishe; wakikataa, IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, ina fomu 843 ya kudai urudishiwe.

Safari ya kuja nyumbani Desemba iangalie mara mbili. Utahitaji viza ya F-1 ambayo haijaisha, kadi, barua ya kazi, na I-20 iliyosainiwa na DSO kwa ajili ya safari ndani ya miezi sita. Viza ikiwa imeisha, utaomba upya ubalozi wa Marekani pale Nsambya, na ukinyimwa kazi imebaki ng'ambo nawe uko Kampala. Harusi ya dada inauma kukosa, lakini mimi ningesubiri.

Hatua ya 8: Baada ya miezi 12

Anza mazungumzo na mwajiri mwezi wa nne wa kazi, usingoje wa kumi na moja. Viza ya kazi ya H-1B haiwafai wauguzi wengi wa wodini kwa sababu kazi yenyewe kwa kawaida haidai shahada. Njia ya kawaida ni makazi ya kudumu kupitia EB-3, kundi la wanaodhaminiwa na mwajiri, ambapo wauguzi wamo kwenye orodha ya Schedule A ya Wizara ya Kazi, kwa hiyo mwajiri haruki kihunzi cha kuthibitisha kwamba amekosa Mmarekani. Anawasilisha I-140, fomu ya kukuombea makazi hayo, wewe unatafuta cheti cha VisaScreen kinachothibitisha elimu na leseni yako. Foleni ya viza yenyewe ni ndefu, na tarehe zake hutangazwa kila mwezi. Jua pia kwamba I-140 ikishawasilishwa, kumshawishi ofisa wa ubalozi Kampala kwamba unataka viza ya mwanafunzi na utarudi nyumbani kunakuwa kugumu sana.

Kwa wengi, daraja la kuvukia foleni hiyo ni kurudi darasani: mwenye ADN kwenda BSN, mwenye BSN kwenda uzamili, na OPT nyingine ya miezi 12 mbele yake. Baada ya OPT una siku 60 za kuondoka au kuhamia chuo kingine. Agosti 2025 serikali ya Marekani ilitoa pendekezo la kuzipunguza kuwa 30, kwa hiyo muulize DSO kanuni ya siku hiyo. Barua ya kukubaliwa iwe mkononi kabla kadi haijaisha, kwa sababu chuo cha zamani ndicho kinachohamisha rekodi yako ya SEVIS, na muda huo ukishapita hakina cha kuhamisha.